Jinsi ya kuandika historia ya shule ya watawa Dar es Salaam: anza na herufi nyuma ya jina la padre

Vijitabu vingi vya jubilei hufungua kwa maneno "shule yetu ilianzishwa na wamisionari Wajerumani", kisha vinarukia picha za mahafali. Hiyo haitoshi. Dar es Salaam imepitiwa na mashirika kadhaa ya kitawa, na ukikosea shirika utabisha hodi kwenye nyumba isiyo na karatasi zako. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua ni watawa gani, na kuanzia mwaka upi.

Msingi ni huu. Wabenediktini wa St. Ottilien, Ujerumani, walifika 1888 wakaanzia Pugu. Januari 1889, katika vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, misheni hiyo ilivamiwa na baadhi ya watawa wakauawa. Walirudi, na Kanisa la Mtakatifu Yosefu pale mjini lilijengwa wakati wao, kati ya 1897 na 1902. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliondolewa, na 1921 Wakapuchini wa Uswisi wakapokea kazi. Hapa ndipo kamati nyingi hupotea: Waswisi hao nao waliandika Kijerumani, basi mtu akiona barua ya Kijerumani ya miaka ya 1930 anawapa Wabenediktini kazi isiyo yao. Wasalesiani wa Don Bosco waliingia nchini 1980, na Wajesuiti walifungua shule ya Loyola, Mabibo, mwaka 1995.

Ushahidi mwepesi kuupata uko parokiani. Mwombe paroko, kwa barua yenye mhuri wa shule, ruhusa ya kusoma rejista ya ubatizo ya miaka shule ilipoanza. Utakuta mistari ya Kilatini: tarehe, jina la mtoto, wazazi, msimamizi, na mwishoni saini ya padre. Tazama herufi zinazofuata jina lake. O.S.B. ni Mbenediktini, O.F.M.Cap., au O.Cap. katika hati za zamani, ni Mkapuchini; C.S.Sp. ni padre wa Shirika la Roho Mtakatifu, S.J. ni Mjesuiti, S.D.B. ni Msalesiani. Nakili saini za miaka mitano mfululizo, maana saini moja yaweza kuwa ya mgeni aliyepita tu. Angalia na miezi: 7bris ni Septemba, si Julai, 8bris ni Oktoba, 9bris ni Novemba, Xbris ni Desemba. Kosa hili limehamisha tarehe za watu miezi miwili nyuma. Andika nakala zako kwa penseli, kamwe si kalamu ya wino, na majina ya watoto na wazazi wao yabaki humo humo rejistani. Hayo si ya kuchapwa.

Ukishalijua shirika, iandikie nyumba yake kuu kupitia mkuu wa watawa hao hapa nchini. Usiombe "historia ya shule yetu". Omba kitu kinachotafutika: barua na ripoti za kituo fulani, kati ya mwaka huu na ule.

Masista ndio wanaosahauliwa zaidi, na inauma, kwa sababu mara nyingi wao ndio waliokuwa darasani kutwa huku barua zikisainiwa na padre. Wana shirika lao na kumbukumbu zao. Waandikie peke yao. Watafute pia kwenye ratiba za vipindi na daftari la mahudhurio.

Tenganisha tarehe nne ambazo watu huzichanganya: darasa la kwanza kufundishwa, jengo kufunguliwa, shule kusajiliwa, na shule kuchukuliwa na Serikali. Hiyo ya mwisho inatokana na Sheria ya Elimu ya 1969, seminari hazikuguswa. Kama shule yenu ilitaifishwa, uliza orodha ya makabidhiano: vitanda, madawati, vitabu. Hakuna karatasi nyingine inayoonyesha maisha ya shule vizuri kama orodha hiyo. Karatasi za baada ya hapo zitafute upande wa Serikali, kuanzia ofisi ya elimu hadi Nyaraka za Taifa.

Mahojiano yafanyeni mapema, mkianza na wazee zaidi. Nendeni wawili, mmoja wa kuuliza na mmoja wa kurekodi, na msizidi saa moja na nusu. Pelekeni picha ya zamani. Mzee akiishika mkononi majina hujitokeza yenyewe. Kila tarehe aitakayotaja ipimeni kwa hati. Mfano ni Mwalimu Nyerere: alifundisha St. Mary's Tabora kabla ya kwenda masomoni Uingereza, kisha St. Francis Pugu aliporudi, akajiuzulu 1955. Wapo wanaozifanya shule hizo kuwa moja.

Picha zilizogandana kwa unyevu wa pwani msizibandue kwa nguvu, sura itabaki kwenye picha ya pili. Zilizo nzima ziskaniwe kwa dpi (nukta kwa inchi) 300 au zaidi, na nyuma ya kila moja andikeni kwa penseli laini nani yumo, wapi, mwaka gani.

Mkifika kwa mchapaji, idadi ya kurasa igawanyike kwa nne, tuseme 32 au 48, maana karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa nne. Mkileta 45 mtalipia tatu tupu. Kabla ya kuchapa, paroko, mkuu wa shule na mtawa mmoja wa shirika husika wasome nakala nzima, kila mmoja na kalamu yake.