Kihisi cha unyevu cha bei poa: kipime kwa udongo wako kwanza

Mtandaoni utapewa programu inayogeuza namba za kihisi kuwa asilimia. Achana nayo. Asilimia hiyo imepimwa kwa hewa na maji ya glasi, na nyanya zangu hapa Ilula hazioti kwenye glasi.

Kihisi cha kununua ni kile kibamba cheusi chenye waya tatu. Vile vya miguu miwili ya chuma iliyo wazi huliwa upesi, kwa kuwa umeme hupita moja kwa moja kwenye udongo mbichi.

Hatua ya 1: Ziba kingo
Kingo za kibamba hunyonya maji. Paka rangi ya kucha mikono mitatu (binti yangu bado ananidai chupa yake). Sehemu yenye vidude vya elektroniki ifunike kwa silikoni.

Hatua ya 2: Unganisha
Kwenye Arduino Uno (kibao kidogo cha kompyuta kinachosoma kihisi), fuata maandishi ya kwenye matundu: VCC (umeme) iende 5V, GND (waya hasi) kwa GND, AOUT (waya wa namba) kwa A0. Namba ni kati ya 0 na 1023, nazo zinakwenda kinyume: udongo ukilowa, zinashuka. Changu hewani kinasoma 590, majini 270. Kikisuasua dakika nzima kabla ya kutulia, ni kibovu, kirudishe.

Hatua ya 3: Kopo na mche
Hapa ndipo kazi ilipo. Toboa kopo chini, jaza udongo wa shamba wa kina cha mizizi, panda mche wa nyanya. Ukishashika, chomeka kihisi, mwagilia hadi maji yachuruzike, funika udongo kwa nailoni, uache usiku kucha. Namba ya asubuhi ndiyo shibe, yaani udongo umebeba maji yote unayoweza kuyashika. Kwangu ilikuwa 340.

Ondoa nailoni, usimwagilie tena, andika namba kila alfajiri. Mchana majani yatalegea, usiku yataamka, usiyahurumie. Siku utakapoyakuta alfajiri bado yamelala, umefika mwisho. Kwangu 450.

Kati ya hizo mbili ndimo maji ya nyanya yalimo. Kwa mwongozo wa FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa), nyanya isitumie zaidi ya takriban asilimia 40 ya maji hayo kabla ya kumwagiliwa. Si hesabu ya maabara, lakini mimi nafungulia maji namba ikikaribia 385, yaani 340 na asilimia 40 ya njia ya kwenda 450.

Hatua ya 4: Zika
Usichimbe shimo ukalifukia. Pasua ufa kwa panga, sukuma kihisi, kandamiza udongo. Pengo la hewa likibaki, kitalia ukame huku miche imesimama kwenye tope. Kiwe sentimita 10 hivi kutoka tundu la bomba la matone, kina cha 15. Kingine, kilichozibwa chote isipokuwa ubapa wake, kiwe kina cha 30: kikilowa kila unapomwagilia, umepitiliza, na mbolea inashuka na maji.

Soma alfajiri tu, maana joto la mchana huyumbisha namba. Na kila kihisi kipitie kopo lake. Cha pili nilikinunua siku ileile, duka lilelile. Shibe yake ni 362.