Bustani ya mboga nyumbani: hesabu ndoo kabla ya mbegu

Mara ya kwanza nilianzia duka la pembejeo. Nilitoka na pakiti tisa, karoti mpaka brokoli, na nyumbani kwangu Pasua, hapa Moshi, hakuna anayekula brokoli. Siku hizi naenda dukani mwisho kabisa.

Hatua ya 1: Andika mnachokula. Wiki nzima, andika kila mboga inayotoka gengeni. Kwetu ni mchicha, sukuma wiki, chainizi, mnafu na nyanya. Mnachokula mara moja kwa mwezi, endelea kununua.

Hatua ya 2: Pima maji. Hapa ndipo bustani nyingi hufia. Wanaoanza wakati wa masika hudhani maji si tatizo, mpaka Januari iwakute. Jua la Januari na Februari likiwaka, tuta la mita 1 kwa 5 linataka kama lita 25 kwa siku, yaani ndoo kubwa moja na robo. Kama uwezo wako ni ndoo tatu, una matuta mawili. La tatu ni tamaa tu. Tandaza majani makavu ya migomba juu ya udongo, unyevu hautapotea haraka. Maji ya kuoshea mchele mwagia bila wasiwasi.

Hatua ya 3: Fuatilia kivuli. Mboga zinataka jua kwa muda wa saa sita hivi kila siku. Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini, kule mlima uliko. Ukuta wa mita 2 ulio kaskazini mwa tuta utatupa kivuli cha kama mita 1 saa sita mchana. Desemba mambo yanageuka. Chini ya mparachichi usijisumbue.

Hatua ya 4: Tengeneza matuta. Upana usizidi mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Kiangazi yazamishe, masika yainue. Weka debe mbili za samadi iliyooza vizuri kwa kila tuta. Ile mbichi, inayotoka zizini leo, itaunguza mizizi.

Hatua ya 5: Panga tarehe. Usisie mchicha wote siku moja. Unakuwa tayari baada ya wiki nne hivi, na wote utakomaa pamoja, ugawe mtaa mzima kisha ukae bila mboga. Gawa tuta vipande vinne, sia kimoja kila wiki. Ukishang'oa cha kwanza, sia tena.

Sukuma wiki sia kitaluni, hamisha baada ya wiki nne, nafasi sentimita 50. Miche 15 inatutosha watu wanne, kwa sababu tunachuma majani ya chini tu na mche unaendelea.

Nyanya ndiyo yenye kiburi. Niliwahi kupandikiza Machi, na Aprili bakajani, ugonjwa unaokausha majani wakati wa mvua, ikamaliza zote ndani ya wiki moja. Sasa nasia kitalu mwishoni mwa Mei, napandikiza mwishoni mwa Juni mvua zikiwa zimekwisha, na namwagilia shinani, si kwenye majani. Mwaka unaofuata nyanya inahamia tuta jingine, wala sifuatishi na bilinganya wala nyanya chungu, maana ni ndugu na magonjwa yao yanafanana.

Hatua ya 6: Uzio. Funga wavu kabla ya kusia. Mchicha wangu wa kwanza uliliwa na kuku wangu mwenyewe, hata jirani wa kumlaumu sikuwa naye.