Kumtambua Kasuku Aliyetoroka Tunduni, Dodoma

Ukiona kasuku mdogo wa rangi kali Dodoma, usiharakishe kusema katoroka. Cherero shingo-njano ni mwenyeji wa Tanzania ya kati: kichwa cheusi cha kahawia, mdomo mwekundu, shingo na kifua vya njano, mwili wa kijani, na duara jeupe la ngozi kuzunguka jicho. Ana urefu wa kama sentimita 15, huenda kwa makundi na hutaga kwenye mashimo ya mibuyu. Hakikisha kwanza kwamba si huyu.

Simama mita 15 hadi 20 kutoka alipo, jua likiwa mgongoni kwako. Ukimtazama dhidi ya mwanga, kila kichwa kitaonekana cheusi, na hapo ndipo wengi hukosea. Piga picha nyingi kabla ya kusogea: uso, ubavu, miguu na, akiruka, mgongo juu ya mkia.

Kisha angalia jicho na mdomo. Uso wa waridi, mdomo mweupe uliofifia na jicho lisilo na duara jeupe ni cherero wa Namibia na Angola. Huku hafiki bila kubebwa. Cherero wa Fischer ana uso wa chungwa, mdomo mwekundu na duara jeupe. Huyu anatatiza, maana kwao ni kaskazini mwa nchi yetu, pande za Serengeti. Mwenye kichwa cha kahawia iliyochanganyika na chungwa huenda ni chotara wa Fischer na shingo-njano. Naivasha, Kenya, aina hizi mbili zilitoroka zikazaliana. Mwili wa bluu na shingo nyeupe ni rangi ya wafugaji. Mkia mrefu na mistari myembamba myeusi mgongoni ni kasuku mdogo wa Australia.

Kagua miguu. Pete nzima, isiyo na mwanya, huvalishwa kinda mwenye siku chache tu, kwa hiyo aliyenayo kazaliwa kwa mfugaji. Pete ya watafiti hufungwa kwa koleo, na mwanya wake huonekana. Bawa lililokatwa lina ncha zilizonyooka. Lililochakaa lina ncha zilizochanika. Upole pekee si ushahidi, kwani ndege mgonjwa naye hakimbii.

Peleka picha, mahali na saa kwa ofisa wanyamapori wa wilaya. Usimtegee wavu: akiwa ndani ya kundi utanasa na cherero wenyeji, na kuwakamata bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009.