Kabla hujaingia mchangani kucheza mpira, fikiria goti

Maji yakipwa jioni pale ufukweni Shela, Lamu, kila mtu ni mchezaji, na mimi simkatazi mtu, ila vijana wangu kabla hamjavua makubadhi someni haya.

Pasheni misuli moto, dakika kumi hivi, si kuruka mara mbili halafu ushaanza kuita pasi. Tembeeni uwanja wote mtoe kamba, vigae na nanga. Maji ya kunywa yawepo. Barafu na bandeji ya kuvutika pia, barafu ya wauza samaki yatosha ila ifungeni kwa kitambaa, isiguse ngozi.

Sasa goti lenyewe. Watu wadhani ni bawaba ya mlango tu, kumbe likikunjwa huzunguka kidogo pia. Fupa la paja limekaa juu ya muundi ambao kwa juu ni kama bapa, mbele iko pia ya goti, kile kifupa cha mviringo, kwa hivo kinachozuia lisiteleze ni misuli na zile ligamenti 4, yaani kamba ngumu zinazofunga mfupa kwa mfupa, mbili ubavuni na mbili zimekatana ndani kama mkasi. Katikati kuna meniskasi 2, vigegedu vya umbo la hilali, ndivyo vinavyobeba uzito.

Mimi nilikimbilia mpira kwenye ule mchanga mbichi mgumu, nikasimama ghafla nigeuke, mguu ukakwama mwili ukaenda. Hakuna alienigusa. Ndani kukalia "to!", hata kipa alisikia. Kufika Isha goti limekuwa kama dafu. Mama akaita mkandaji, mafuta ya nazi ya moto, akavuta akakunja mimi nalia tu, na kesho yake likafura zaidi. Nikaenda kupigwa eksirei, nikaambiwa mfupa mzima, uvimbe ukishuka rudi ucheze. Hapo ndipo nilipoumia kikweli, manake eksirei yaonyesha mfupa, ligamenti haionyeshi! Wiki ya tano siskii maumivu, nikarudi, nikageuka mara moja tu goti likaniacha nikaanguka, na safari hii likajifunga, halinyooki. Nikavuka hadi Mokowe upande wa bara, basi mpaka Mombasa, goti limepakatwa juu ya begi safari nzima. MRI, picha inayoonyesha hata ligamenti, ikaonyesha ile ya mbele katika zile mbili zilizokatana imekatika na meniskasi imechanika. Ukingo wa ndani wa ile hilali ya meniskasi haupati damu, haujiungi wenyewe, kile kipande wakakitoa na hakirudi. Baada ya operesheni nikakaa nje miezi 9, kila siku mazoezi ya fiziotherapia.

Kwa hivo kabla ya kurudi uwanjani jiulize, lililia? Lilifura ndani ya masaa machache? Lakuacha ukigeuka au ukishuka ngazi? Hata moja ikiwa ndio, mwambie daktari alipime kwa mkono, auvute muundi mbele aone kama walegea, usitosheke na picha ya mfupa. Siku mbili tatu za mwanzo hakuna kukanda, hakuna moto, ni barafu dakika 15 hadi 20 kila baada ya masaa kadhaa na mguu juu ya mto.

Dada zetu wa mpira na netiboli nao waskize, ligamenti hii ya mbele huwakatikia wao zaidi kuliko wanaume. Na nyinyi mnaoruka kutoka botini hadi gatini, subirini boti ifungwe. Na ngazi za nyumba zetu za mawe, ukiwa na goti bovu panda na mguu mzima kwanza, shuka na mguu mbovu kwanza, na mkono ukutani.