Kutafuta na Kuhudhuria Mkutano wa Kuacha Pombe kwa Mara ya Kwanza

Anayetafuta mkutano wa watu wanaosaidiana kuacha pombe kwa kawaida huupata. Wengi hukwama baada ya hapo: anwani ipo mfukoni, lakini mlangoni hawafiki.

Kabla ya yote, mwili wako

Kama unakunywa sana kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue, usikate pombe ghafla ukiwa peke yako. Degedege huweza kukupata kati ya saa 6 na 48 baada ya kinywaji cha mwisho. Kuweweseka na kuona vitu visivyokuwepo huja zaidi kati ya siku ya 2 na ya 4, na hali hiyo huua. Muone daktari kwanza, umtajie kiasi halisi unachokunywa. Ukipunguza hesabu kwa aibu, atadhani hatari ni ndogo kuliko ilivyo. Vikundi hivi havitoi dawa, wala havichukui nafasi ya hospitali.

Hatua ya 1: Chagua aina ya kikundi

Alcoholics Anonymous, yaani AA, kilianza Marekani mwaka 1935 na ndicho kilichoenea zaidi. Hufuata Hatua 12, yaani mpango wake wa kuacha pombe hatua kwa hatua, hakina ada, na sharti lake ni moja tu: uwe na nia ya kuacha kunywa. Lugha yake ina mambo ya kiroho, ingawa kila mtu huachiwa amwelewe Mungu kwa namna yake. Kama hilo linakuzuia, SMART Recovery hutumia mbinu za kisaikolojia za kubadili fikra na mazoea. Ndugu na wenzi wa mnywaji wana Al-Anon. Usimalize wiki ukilinganisha. Chagua kilicho karibu nawe.

Hatua ya 2: Tafuta, kisha thibitisha

Anzia kwenye tovuti rasmi ya kikundi, au programu ya simu ya Meeting Guide kwa mikutano ya AA. Waulize pia daktari, mshauri nasaha au kliniki ya afya ya akili. Andika siku, saa, jengo, chumba, na kama mkutano ni wa wazi au wa wanaotaka kuacha tu. Ule wa wazi hupokea hata jamaa na wanafunzi. Wewe unayetaka kuacha unaruhusiwa kote kuwili.

Orodha za mtandaoni huchakaa, vikundi huhama, na mtu aliyejikaza kwenda akakuta mlango umefungwa mara nyingi hajaribu tena. Kwa hiyo piga simu siku hiyohiyo, uulize hivi: “Mkutano wa leo jioni upo? Naingilia mlango gani? Ni wa wazi?” Kama hakuna kikundi karibu, ipo mikutano ya mtandaoni, na unaweza kuingia bila kuwasha kamera.

Hatua ya 3: Fika mapema

Fika dakika 10 hadi 15 kabla. Usitegemee bango kubwa. Mara nyingi ni karatasi ndogo tu mlangoni. Mwambie yeyote aliyesimama pale, “Ni mara yangu ya kwanza.” Atakuonyesha pa kukaa na kukueleza utaratibu. Anayechelewa hukosa mapokezi haya, akakaa nyuma na kutoka bila kuzungumza na mtu.

Kama umekunywa siku hiyo, nenda tu, ila usiendeshe gari, na mkutanoni usikilize bila kuchangia.

Hatua ya 4: Ndani ya chumba

Mkutano huchukua dakika 60 hadi 90. Huanza kwa kusoma utangulizi, kisha watu huzungumza kwa zamu. Katika AA, anayezungumza hakatizwi, hapewi ushauri, hajibiwi. Ndiyo maana watu huthubutu kusema ukweli. Zamu ikikufikia, inatosha kusema, “Naitwa Juma, leo nasikiliza.” Jina moja tu, na hata hilo si lazima. Kikapu cha michango kikipita, mgeni hadaiwi chochote. Zima simu, usirekodi. Ukimkuta unayemfahamu, naye amekuja kwa shida hiyohiyo. Mkikutana nje, usitaje mlipoonana.

Hatua ya 5: Usikimbie mwishoni

Dakika chache baada ya mkutano zina thamani kuliko watu wanavyodhani. Omba namba za watu wawili au watatu, na mpigie mmoja kesho yake bila kusubiri shida, ili siku ya kiu ya pombe, kupiga simu kusiwe kugumu. Ukiwa AA, baadaye utatafuta mlezi, yaani mwenzako aliyetangulia kuacha, wa kukuongoza katika zile Hatua 12. Kaa mbali na anayekuambia uache dawa ulizoandikiwa na daktari, anayekukopa, au anayekutongoza ukiwa mgeni.

Hatua ya 6: Usihukumu kwa mkutano mmoja

Jaribu angalau mikutano 6, ikiwezekana ya vikundi tofauti. Kimoja kinaweza kuwa na sala nyingi, kingine kimejaa watu wa rika lisilo lako, na cha tatu kikakufaa. Ukirudia kunywa katikati, hudhuria mkutano unaofuata na useme hivyohivyo: “Nilikunywa juzi.” Hesabu ya siku zako bila pombe huanza upya, lakini hufukuzwi.