Umeachishwa kazi? Hivi ndivyo unavyofungua mgogoro CMA

Anza na tarehe. Kwa Tanzania Bara, malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanafikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30 tangu ulipoachishwa. Wengi siku hizo zinawaishia wakimbembeleza ofisa utumishi, na yeye kila wakienda anawaambia "njoo wiki ijayo". Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, yana siku 60.

Kisha angalia ajira yako imekoma vipi. Ukifukuzwa kwa utovu wa nidhamu, kwa kutoimudu kazi, au ukipunguzwa, mwajiri lazima awe na sababu halali na awe amefuata utaratibu. Hata uliyeandika barua ya kuacha kazi mwenyewe baada ya mwajiri kukufanyia visa visivyovumilika, sheria inakuhesabu umeachishwa. Ila kama hujafikisha miezi sita kazini, kinga hii haikuhusu.

Fomu inaitwa CMA F.1, ichukue ofisi ya Tume ya eneo ulikofanyia kazi. Jina la mwajiri liandike kama lilivyo kwenye mkataba, si lile la kwenye kibao cha getini. Wanaoachishwa kazi wanajaza pia Sehemu B, panapoulizwa kuhusu sababu na utaratibu. Usiache mistari hiyo wazi: kama hukuitwa kwenye kikao cha nidhamu, sema hapo hapo. Kwenye madai, orodhesha kila kitu: notisi (siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi), likizo, cheti cha utumishi, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, kisichozidi miaka 10.

Kabla ya kuiwasilisha, mpelekee mwajiri nakala asaini kupokea. Akigoma, itume kwa rejista ya posta utunze risiti. Tume itataka uthibitisho huo. Umechelewa? Ambatisha CMA F.2, fomu ya kuomba malalamiko yapokelewe nje ya muda, na ueleze kila siku iliyopita. "Nilikuwa nafuatilia ofisini" peke yake haitoshi.

Usuluhishi una siku 30. Usikose kikao, maana malalamiko yako yanaweza kutupwa. Usipozaa matunda, shauri linakwenda kwenye uamuzi, mbele ya mwamuzi wa Tume, na asiyeridhika na tuzo, yaani hukumu ya mwamuzi huyo, ana wiki sita za kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.