Kurahisisha Ubadilishaji wa Oili kwenye Gari la Porini

Gari linalopita njia za porini zenye mawe huhitaji bamba la chuma chini ya injini, na bamba hilo ndilo linalofanya umwagaji wa oili uchoshe. Mwombe fundi wa kuchomelea alitoboe tundu mkabala na bolti ya sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, lenye upana wa kupitisha soketi, kisha alainishe kingo zake kwa tupa. Wako wanaofunga vali ya kumwagia oili mahali pa bolti. Ni vyema, mradi isichomoze chini ya bamba, kwani jiwe moja laweza kuivunja na injini ikabaki kavu. Oili imwagwe ingali na uvuguvugu. Kabla ya kufunga filta mpya, hakikisha pete ya mpira ya ile kuukuu haikuganda kwenye injini, maana pete mbili zikikutana, oili huvuja.